Namba ya Chanjo Inavyopatikana: Mwongozo Kamili wa Takwimu na Data, Kuanzia Swali Hadi Ripoti

Wagonjwa 8 upande mmoja, wagonjwa 162 upande wa pili. Kwa namba hizo mbili dunia ilielezwa, Novemba 2020, kwamba chanjo ya Pfizer na BioNTech dhidi ya UVIKO-19 ina ufanisi wa asilimia 95. Nyuma yake walikuwepo watu zaidi ya 43,000 waliochomwa sindano. Kila mmoja wa wale 170 waliougua alikuwa na fomu yake, tarehe zake, majibu yake ya maabara, na siri moja iliyofichuliwa mwishoni: alichomwa chanjo au maji ya chumvi.

Mwongozo huu unafuata safari ya namba kama hizo. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa afya ya jamii, muuguzi aliyekabidhiwa rundo la fomu za utafiti, na mtaalamu wa kompyuta aliyepewa hifadhidata ya wagonjwa bila kuelezwa inalinda nini. Hesabu zake hazizidi za sekondari. Kanuni moja nitairudia kila hatua: namba yoyote iliyomo kwenye jedwali la mwisho lazima iweze kurudi kwao. Ukiiuliza imetoka wapi, ikupeleke kwenye mstari wa programu, kutoka hapo kwenye safu ya hifadhidata, kutoka hapo kwenye fomu, na mwisho kwa mtu aliyekaa kitini akatoa mkono wake achomwe. Namba isiyoweza kurudi hivyo usiichapishe.

Hatua ya 1: Kaza swali

"Je, chanjo inafanya kazi?" halijawa swali la utafiti. Inazuia nini: maambukizi, ugonjwa, kulazwa au kifo? Kwa watu gani? Kuanzia siku ya ngapi baada ya dozi, na hadi lini? Inalinganishwa na nini?

Katika utafiti wa Pfizer, mgonjwa aliyehesabiwa ni yule mwenye angalau dalili moja kati ya zilizoorodheshwa, kipimo cha maabara kikathibitisha, kuanzia siku ya 7 baada ya dozi ya pili. Moderna, watengenezaji wa chanjo nyingine ya UVIKO-19, wao walianza kuhesabu siku ya 14. Kwa hiyo anayeziweka asilimia 95 ya Pfizer na asilimia 94.1 ya Moderna pembeni kwa pembeni na kutangaza mshindi analinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa fasili tofauti.

Ukishaandika fasili yako ya mgonjwa, ijaribu. Tengeneza mafaili 20 ya wagonjwa wa kubuni, mengine ya wazi, mengine yenye utata: homa bila kipimo, kipimo bila dalili, dalili zilizoanza siku ya 6 na kipimo kilichochukuliwa siku ya 8. Wape watu wawili ambao hawakai pamoja. Wakitofautiana hata kwenye faili moja, fasili bado ina mwanya, na mwanya huo utakurudia mwishoni wakati kila mtu ana hamu ya kuona matokeo yake yakiwa mazuri.

Amua pia, sasa hivi, mambo yatakayovuruga hesabu: aliyeugua kati ya dozi mbili, aliyepata chanjo nyingine kwingineko, aliyefariki kwa ajali, aliyehama. Mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio, ICH E9, ulitoka mwaka 1998, na ilipofika 2019 ukaongezewa sehemu nzima kwa ajili ya maswali ya aina hii, kwa sababu watafiti walikuwa wakiyajibu kimya kimya, kila mmoja kwa namna yake.

Hatua ya 2: Hesabu ni wagonjwa wangapi unahitaji, kisha ni washiriki wangapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanauliza kwanza, "Tuandikishe watu wangapi?" Katika utafiti wa ufanisi wa chanjo, ushahidi unatoka kwa wanaougua. Watu 50,000 ambao hakuna hata mmoja aliyeugua hawakuambii lolote kuhusu kinga.

Twende na mfano, tuuhesabu mpaka mwisho. Makundi mawili yana idadi sawa. Unaamini chanjo yako ina ufanisi wa asilimia 60. Unataka kuonyesha kwamba kwa hakika ufanisi unazidi asilimia 30. Hiyo 30 ina historia: Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitaka chanjo za UVIKO-19 zifikishe ufanisi wa angalau asilimia 50, huku mpaka wa chini wa makadirio ukivuka asilimia 30.

Ufanisi ukiwa asilimia 60, kwa kila wagonjwa 100 wa kundi la plasebo (waliochomwa sindano isiyo na chanjo) watakuwepo 40 wa kundi la chanjo. Sehemu ya wagonjwa wote wanaotoka upande wa chanjo ni 40 gawanya kwa 140, yaani 0.286. Ufanisi ukiwa asilimia 30 tu, sehemu hiyo ni 70 gawanya kwa 170, yaani 0.412. Kazi yote sasa ni kutofautisha 0.286 na 0.412. Ni kama kurusha sarafu isiyo sawa na kutaka kujua imepinda kiasi gani.

Tunaruhusu kosa la asilimia 2.5 la kuisifu chanjo isiyostahili (hapo ndipo inapotoka 1.96 ya majedwali ya takwimu), na tunataka nguvu ya asilimia 90 ya kuitambua inayostahili (hapo inatoka 1.28). Fomula ni hii:

wagonjwa = (1.96 × √(0.412 × 0.588) + 1.28 × √(0.286 × 0.714))² ÷ (0.412 − 0.286)²

Sehemu ya kwanza ndani ya mabano inatoa 0.965, ya pili 0.578, jumla 1.543. Mraba wake ni 2.381. Chini tuna 0.126 mara 0.126, yaani 0.015876. Jibu: wagonjwa 150. Moderna, kwa dhana hizi hizi za 60 na 30, walipanga kufikisha wagonjwa 151.

Sasa geuza wagonjwa kuwa washiriki. Ukitarajia asilimia 2 ya kundi la plasebo waugue katika kipindi cha ufuatiliaji, kundi la chanjo litatoa asilimia 0.8. Kila jozi ya washiriki, mmoja huku na mmoja kule, inaleta wagonjwa 0.028. Gawanya 150 kwa 0.028: washiriki 5,358 kila kundi, jumla 10,716. Tuseme asilimia 15 watapotea au watakosa sifa ya kuhesabiwa. Gawanya kwa 0.85, upate 12,608. Wengi huzidisha kwa 1.15 wakapata 12,323. Ukiwatoa asilimia 15 ya hao unabaki na 10,475, pungufu ya ulichohitaji. Kosa dogo, ila kwenye utafiti wa gharama kubwa ni kosa la kusikitisha, maana lilizuilika kwa dakika moja.

Makadirio ya asilimia 2 ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika hesabu hii. Ugonjwa ukipungua ghafla ukawa asilimia 1, unahitaji watu mara mbili au muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mipango mizuri haisemi "tutafunga baada ya miezi 12". Inasema "tutafunga wagonjwa wakifika 150".

Kama unagawa vijiji au shule nzima badala ya mtu mmoja mmoja, zidisha ukubwa wa sampuli kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu katika kila kundi dogo na r ni kiasi ambacho watu wa sehemu moja wanafanana. Kwa watu 50 na mfanano wa 0.02 tu, unapata 1.98, karibu mara mbili. Watu wa kijiji kimoja wanapumua hewa moja na kuumwa na mbu wale wale. Hawakupi habari 50 tofauti.

Hatua ya 3: Gawa kwa nasibu, na fahamu kwa nini

Mwaka 1954 chanjo ya polio ya Jonas Salk ilijaribiwa Marekani kwa watoto wapatao milioni 1.8, chini ya usimamizi wa Thomas Francis. Katika maeneo yaliyotumia nasibu, yaani bahati ndiyo iliyoamua nani apate chanjo na nani plasebo, waliochanjwa walipata polio kwa kiwango cha 28 kwa kila watoto 100,000. Waliopata plasebo: 71. Na watoto ambao wazazi wao walikataa kushiriki: 46.

Iangalie hiyo 46 vizuri. Watoto wa wazazi waliokataa hawakuchanjwa, sawa na wale wa plasebo, lakini waliugua kidogo zaidi. Sababu inayokubalika ni kwamba wazazi waliokubali walikuwa na kipato kizuri zaidi. Katika nyumba safi mtoto huchelewa kukutana na kirusi, hivyo hakipati angali mchanga akiwa bado na kinga ya mama. Mtu angelinganisha waliochanjwa na waliokataa angepata ufanisi wa asilimia 39. Nasibu ilitoa asilimia 61. Pengo hilo halikusababishwa na chanjo hata kidogo. Lilisababishwa na aina ya familia.

Kwa vitendo: orodha ya nasibu itengenezwe na mtu asiyeandikisha washiriki wala asiyechambua matokeo. Gawa kwa mafungu ili makundi yabaki na uwiano, lakini changanya ukubwa wa mafungu, mathalani 4, 6 na 8. Fungu likiwa la 4 siku zote na muuguzi akajua watatu wa kwanza wamepata nini, wa nne si siri tena. Hifadhi namba ya mbegu iliyotumiwa na programu kuzalisha orodha, ili orodha hiyo hiyo iweze kuzalishwa upya mkaguzi akiitaka. Na weka orodha mahali ambapo hata msimamizi wa hifadhidata hafiki.

Hatua ya 4: Andika kamusi ya data kabla ya fomu

Fomu nyingi mbaya zilianza kama fomu. Anza na kamusi: kila kigezo (jambo utakalolirekodi), jina lake, aina yake, kipimo chake, thamani zinazoruhusiwa, na jedwali la mwisho litakalokitumia. Kigezo kisicho na jedwali linalokisubiri kiondoe. Kila swali la ziada linachosha mshiriki na kuzaa makosa.

Namba ya mshiriki ndiyo uzi unaoshona kila kitu: fomu, chupa ya damu, kipimo, orodha ya nasibu. Iwekee tarakimu ya ukaguzi. Chukua namba 2715. Zidisha tarakimu zake kwa 5, 4, 3 na 2: 10 + 28 + 3 + 10 = 51. Gawanya kwa 11, inabaki 7. Toa 7 kwenye 11, unapata 4. Namba kamili ni 2715-4. Mtu akikosea akaandika 2751-4, kompyuta inahesabu 10 + 28 + 15 + 2 = 55, baki ni 0, tarakimu inayotakiwa ni 0, siyo 4. Namba inakataliwa pale pale, kabla damu ya mtu mmoja haijapewa jina la mwingine. Namba zinazotoa 10 ziruke tu, usizigawe.

Tarehe ziandikwe kwa mpangilio mmoja: mwaka, mwezi, siku, kama 2024-04-03. Ukiandika 03/04, kuna atakayesoma Aprili na atakayesoma Machi, na katika utafiti ambamo siku ya 7 inaamua nani ahesabiwe, hilo linaweza kubadilisha jibu.

Data inayokosekana usiipe namba inayofanana na data. Niliwahi kukaa siku mbili nikitafuta kwa nini wastani wa umri wa kundi moja la watoto ulikuwa miaka 11 wakati hakuna aliyezidi miaka 5. Mtu alitumia 99 kumaanisha "umri haujulikani", na hakuna aliyeandika hivyo popote. Acha nafasi tupu, kisha uwe na kigezo cha pili kinachoeleza sababu: hakuulizwa, alikataa, sampuli ilimwagika, hajulikani. Sababu hizo nne hazifanani, na mchambuzi atazihitaji.

Majina, simu na mahali anapoishi mshiriki vikae kwenye faili tofauti lililofungwa, linalounganishwa kwa namba tu. Wanaochambua hawana haja ya kumjua mtu kwa jina.

Kuhusu programu: REDCap, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara na inatosha kwa tafiti nyingi. Kama matokeo yatapelekwa kwa mamlaka kuomba kibali, panga mapema data zako kwa viwango vya CDISC (viwango vya kimataifa vya kupanga data za majaribio), na matukio ya kiafya yaandikwe kwa istilahi za MedDRA (kamusi ya kimataifa ya istilahi za tiba), ili "kuumwa kichwa" na "kichwa kinagonga" vihesabiwe mahali pamoja.

Hatua ya 5: Safisha kila wiki, usingoje mwisho

Mshiriki aliyeandikiwa uzito wa kilo 710 leo anaweza kupimwa tena kesho. Miezi tisa baadaye amehama na fomu imefifia. Kwa hiyo kila wiki endesha ukaguzi: thamani nje ya mipaka, dozi ya pili iliyotangulia ya kwanza, mwanamume mwenye kipimo cha mimba, sampuli ya maabara isiyo na mwenyewe. Kila tatizo liandikiwe hoja, ipelekwe kituoni, ijibiwe na mtu mwenye hati asilia mkononi. Usirekebishe kwa kukisia, hata jibu likionekana dhahiri. Mfumo uandike nani alibadilisha nini, lini, kutoka thamani gani kwenda ipi, na kwa sababu gani. Kumbukumbu hiyo ya mabadiliko ndiyo njia ya namba kurudi kwao.

Neno moja kuhusu lahajedwali za kawaida kama Excel. Kwa kupiga hesabu ndogo ni nzuri. Kwa kutunza data ya utafiti ni hatari. Uingereza, mwaka 2020, taarifa za wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 zilichelewa kuingia kwenye takwimu na ufuatiliaji kwa sababu faili la muundo wa zamani, lenye kikomo cha safu 65,536, lilijaa na safu zilizozidi zikaachwa kimya kimya. Mwaka huo huo wataalamu wa jenetiki walitangaza kubadilisha majina rasmi ya baadhi ya jeni za binadamu, kwa mfano MARCH1 ikawa MARCHF1, kwa sababu Excel ilikuwa ikizigeuza kuwa tarehe. Sayansi ilibadilisha majina ili kuikimbia programu ya ofisini. Wewe unaweza kuikimbia kwa bei nafuu zaidi: hifadhi data kwenye hifadhidata, na mabadiliko yote yafanywe kwa programu iliyoandikwa, R au Python au SAS, isiyogusa faili la asili.

Hatua ya 6: Maabara nayo ina takwimu zake

Ukipima sampuli zote za kundi la chanjo kwenye sahani moja ya maabara Jumatatu na za plasebo kwenye sahani nyingine Alhamisi, hutajua tofauti uliyoiona imeletwa na chanjo au na joto la Alhamisi. Changanya makundi kwenye kila sahani kwa nasibu, weka sampuli za mtu mmoja (kabla na baada ya dozi) kwenye sahani moja, na anayepima asijue ya nani ni ipi.

Kingamwili hupimwa kwa titeri (kiasi unachoweza kuizimua damu nayo ikaendelea kuonyesha kingamwili), na titeri hukua kwa kuzidishwa: 10, 20, 40, 80. Chukua watu watano wenye 20, 40, 40, 80 na 1280. Wastani wa kawaida ni 292, namba isiyomwakilisha hata mmoja wao. Sasa hesabu kila titeri ni 10 iliyozidishwa kwa mbili mara ngapi: 1, 2, 2, 3, 7. Wastani wa hizo ni 3. Kumi zidisha kwa mbili mara tatu ni 80. Huo ndio wastani wa kijometri, na ndio unaoripotiwa katika tafiti za chanjo. Fanya uchambuzi wote kwenye logi, ugeuze mwishoni tu.

Sampuli ambazo kipimo hakikuweza kuzisoma kwa uchache usizifute. Kawaida hupewa nusu ya kiwango cha chini kinachosomeka. Zikiwa nyingi, njia hiyo haitoshi na unahitaji mbinu zinazotambua kwamba thamani halisi iko chini ya mpaka. Vyovyote utakavyochagua, iandike kwenye mpango kabla hujaona sahani.

Hatua ya 7: Mpango wa uchambuzi, na nidhamu ya kutochungulia

Mpango wa uchambuzi ni waraka unaoeleza kila jedwali litakalotengenezwa, likiwa tupu, kabla siri ya makundi haijafunguliwa. Uandike kwa undani kiasi kwamba mtakwimu mwingine, akiusoma peke yake, atoe namba zile zile.

Ndani yake weka ni mara ngapi matokeo yatachunguliwa kabla ya mwisho. Kila kuchungulia kuna gharama. Ukipima mara moja kwa kigezo cha 0.05, uwezekano wa kudanganywa na bahati ni asilimia 5. Ukichungulia mara tano na kila mara ukatumia 0.05 ile ile, uwezekano huo unafika karibu asilimia 14. Mara kumi, asilimia 19. Njia ya O'Brien na Fleming ya mwaka 1979 inalitatua kwa kuweka kigezo kikali mno mwanzoni na kukilegeza hadi karibu na 0.05 mwishoni. Lan na DeMets waliiongezea mwaka 1983 uhuru wa kutolazimika kupanga idadi kamili ya mara za kuchungulia. Na anayechungulia asiwe wewe: iwe kamati huru ya usalama, yenye mtakwimu wake, inayoweza kusimamisha utafiti bila kukuambia namba.

Hoja zote zikishajibiwa, funga hifadhidata, tunza nakala yake yenye alama ya kidijitali inayoonyesha haijaguswa, ndipo siri ifunguliwe. Kwa mpangilio huo, siyo kinyume chake.

Hatua ya 8: Piga hesabu

Baada ya kazi yote hiyo, hesabu kuu ni fupi. Katika utafiti wa Pfizer, kundi la chanjo lilikuwa na wagonjwa 8 katika miaka-watu 2,214 ya ufuatiliaji (mtu mmoja akifuatiliwa mwaka mmoja ni mwaka-mtu mmoja); kundi la plasebo 162 katika 2,222. Viwango ni 3.61 na 72.9 kwa kila miaka-watu 1,000. Gawanya: 0.0496. Toa kwenye 1: ufanisi ni asilimia 95.0. Mipaka yake ilikuwa asilimia 90.3 hadi 97.6, na ni mipaka hiyo unayopaswa kuitaja pamoja na namba ya kati kila mara.

Asilimia 95 haina maana kwamba watu 5 kati ya 100 waliochanjwa wataugua. Walioingia kwenye hesabu hii upande wa chanjo walikuwa 18,198, wakaugua 8. Ni kwamba hatari imepunguzwa kwa asilimia 95 ukilinganisha na asiyechanjwa. Upande wa plasebo waliougua ni 162 kati ya 18,325. Tofauti halisi ni kama 8.4 kwa kila watu 1,000, na inategemea sana muda wa ufuatiliaji na ukali wa mlipuko. Toa zote mbili kwenye ripoti, kwa sababu mtu anayepanga bajeti ya chanjo anahitaji ya pili.

Sasa tuone kwa nini fasili ya nani ahesabiwe inatakiwa iandikwe mapema. Utafiti wa RV144 wa chanjo ya VVU, Thailand, ulitoa matokeo mwaka 2009 kwa washiriki 16,402. Wote waliogawanywa kwa nasibu wakihesabiwa: maambukizi 56 upande wa chanjo kwa 76 wa plasebo, ufanisi asilimia 26.4, thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, kama chanjo haifanyi kazi) ni 0.08. Wakitolewa watu 7 ambao damu yao ya siku ya kwanza ilionyesha tayari walikuwa na VVU (5 wa chanjo, 2 wa plasebo): 51 kwa 74, ufanisi asilimia 31.2, p ni 0.04. Wakihesabiwa tu waliofuata ratiba yote ya dozi: p ni 0.16.

Watu saba kati ya elfu kumi na sita, na utafiti unavuka mstari wa 0.05. Kuwatoa kulikuwa na mantiki, maana chanjo haiwezi kumkinga mtu na alichonacho tayari. Hata hivyo mpaka wa chini wa makadirio ulikuwa asilimia 1.1, na mjadala uliofuata ulikuwa mkali na wa haki. Ushauri wangu: toa majibu ya makundi yote ya uchambuzi uliyoyapanga kwenye jedwali moja, ukianza na lile ulilolitaja kuwa kuu. Yakipishana, eleza kwa nini yanapishana. Msomaji aliyeona yote atakuamini zaidi ya aliyeonyeshwa moja.

Data inayokosekana ishughulikiwe kwa mbinu iliyopangwa, na ujaribu pia dhana mbaya zaidi, kama kwamba wote waliopotea upande wa chanjo waliugua kwa kiwango cha plasebo. Jibu likisimama, sema. Likianguka, sema pia.

Hatua ya 9: Usalama unahesabiwa kwa jicho jingine

Ufanisi unatafuta jambo la kawaida. Usalama unatafuta la nadra. Kuna kanuni rahisi inayoitwa kanuni ya tatu: ukifuatilia watu n na tukio lisitokee hata mara moja, bado huwezi kukataa kwamba hutokea kwa kiwango cha hadi 3 gawanya kwa n. Watu 3,000 bila tukio maana yake linaweza kuwa la 1 kwa 1,000.

RotaShield, chanjo ya kwanza ya rotavirusi kupata kibali Marekani, ilianza kutumika mwaka 1998. Mwaka uliofuata iliondolewa sokoni baada ya mfumo wa kuripoti madhara kuonyesha watoto ambao utumbo ulijikunja ukaingia ndani ya utumbo wenyewe. Hatari ilikadiriwa kuwa kama 1 kwa 10,000. Kwa kanuni yetu, ungehitaji watoto 30,000 waliochanjwa ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kuona hata mmoja. Tafiti za kabla ya kibali zilikuwa na watoto wachache mno. Chanjo zilizofuata, Rotarix na RotaTeq, kila moja ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 60,000, na sababu ya ukubwa huo ni hesabu hii.

Ndiyo maana kazi ya data haiishi kibali kikitoka. Panga mapema namna ya kuunganisha kumbukumbu za chanjo na za hospitali, na jua kiwango cha kawaida cha kila ugonjwa unaouhofia kabla ya chanjo kuanza. Ukichanja watu milioni moja, wapo watakaopata kiharusi wiki ile ile hata kama wangechomwa maji. Swali ni kama wamezidi idadi iliyotarajiwa, na bila kiwango cha kawaida huwezi kulijibu wala kuwatuliza wenye hofu ya haki.

Hatua ya 10: Andika na uhifadhi

Ripoti ifuate mwongozo wa CONSORT (mwongozo wa kimataifa wa kuripoti majaribio ya nasibu), pamoja na mchoro unaoonyesha kila mshiriki alipopotelea. Majedwali yatoke moja kwa moja kwenye programu. Namba iliyonakiliwa kwa mkono ni namba iliyokatiwa njia. Kisha mpe mwenzako ambaye hakugusa utafiti huu nakala ya data iliyofungwa, programu zako, na orodha ya matoleo ya vifurushi vya programu ulivyotumia. Aziendeshe kwenye kompyuta nyingine. Achague namba tatu kwenye ripoti, wewe ukiwa hupo, na azifuate zirudi nyuma mpaka kwenye fomu. Akikwama, tafuta ni hatua gani kati ya hizi uzi ulikatika, na urekebishe kabla ya kutuma.